Kunguru na yangeyange wa Kampala: ni masizi, ni chakula, au ndege wenyewe wamebadilika?

#1 Fundi_Wandegeya

Wakuu, salamu. Kibanda changu cha kutengeneza simu kiko Wandegeya, na miti iliyo mbele yangu imejaa viota vya kalooli, wale korongo wakubwa wanaokula taka. Asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja huwa natazama ndege.

Kinachonisumbua ni hiki. Kunguru wa hapa mjini, wale wenye shingo na kifua cheupe, weupe wao umekuwa kama maji yaliyofuliwa soksi. Yangeyange wanaosimama kando ya mfereji wa Nakivubo nao ni hivyo hivyo. Nikienda kwetu Masindi, kunguru wa aina ileile wana kifua unachokiona kikimeta ukiwa mbali.

Dai langu: mji unawabadilisha ndege, tena si rangi tu. Kuna ndege anaimba saa tisa usiku nyuma ya nyumba ninayopanga. Kalooli hawamwogopi mtu. Njiwa wengi hapa stendi wana vidole vilivyokatika au miguu iliyovimba. Wanaojua watuambie: ni uchafu wa juu tu, ni chakula, ni ugonjwa, au ni damu mpya kabisa ya ndege wa mjini?

#2 Boda_Ntinda

Ssebo, jibu liko wazi. Nikivaa shati jeupe asubuhi, nikipiga Ntinda hadi mjini na kurudi mara kadhaa, jioni kola haitazamiki. Sasa ndege anayelala juu ya Jinja Road, kwenye moshi wa matatu na malori usiku kucha, atabakije mweupe? Ni masizi. Admini afunge uzi.

#3 Mwalimu_Tororo

Usiufunge haraka, kijana. Nafundisha baiolojia, na kuna mambo mawili naona yamechanganywa.

Kwanza, yangeyange wa ng'ombe wakati wa kuzaliana hupata rangi ya hudhurungi hafifu kichwani, kifuani na mgongoni. Hayo ni mavazi ya harusi, si uchafu. Mtu akiwaona msimu mmoja Kampala na msimu mwingine Masindi, ataapa ni ndege tofauti.

Pili, kalooli. Mgongo wake akiwa tayari kuzaliana hupauka na kuwa wa kijivu cha buluu, na mfuko wa shingoni unakuwa mwekundu zaidi. Makinda yana rangi ya kahawia kwa muda mrefu. Hata miguu myeupe mnayoiona si rangi yake, miguu ya kalooli ni myeusi. Anajinyea miguuni makusudi ili unyevu ukauke na kumpunguzia joto. Kwa hiyo tusiseme mji umembadilisha rangi kabla ya kuuliza umri wake na msimu.

#4 Boda_Ntinda

Mwalimu asante. Ila kunguru havai nguo ya harusi. Yeye mweupe wake ni mweupe mwaka mzima. Huyo utamtetea vipi?

#5 Mwanafunzi_wa_Ndege

Boda_Ntinda yuko karibu na ukweli kuliko anavyofikiri. Watafiti wawili wa Chicago walitoa kazi yao mwaka 2017: walichukua ndege waliokaushwa na kuhifadhiwa makumbushoni, zaidi ya 1,300, waliokusanywa kwa miaka 135 katika ukanda wa viwanda wa Marekani. Waliwapiga picha na kupima mwanga unaorudi kutoka tumboni. Wale wa mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za makaa ya mawe, walikuwa weusi kwa masizi. Waliokuja baadaye, hewa ilipoanza kusafishwa, wakazidi kuwa safi.

Uzuri wa kipimo kile ni kwamba ndege wale hubadilisha manyoya kila mwaka. Kwa hiyo masizi unayoyaona kwenye unyoya ni ya mwaka huo, hayakurithiwa. Kunguru wa Wandegeya akipelekwa Masindi leo, akibadilisha manyoya atakuwa mweupe tena.

Kuhusu hewa yetu, vile visanduku vya AirQo vya watu wa Makerere vinapima vumbi laini hewani, na asubuhi na jioni za Kampala ni mbaya. Kama ndege wanachafuka kwa kiasi gani, hilo halipimwi na kile kisanduku.

#6 Hajati_Bombo

Assalaam aleikum wanangu. Hapa Bombo tuko kwenye barabara kuu ya kwenda Gulu, malori hayalali. Lakini kunguru wetu ni weupe. Walio na rangi mbaya ni wale wanaokula kwenye jaa nyuma ya soko. Barabara ni moja, moshi ni mmoja. Mimi naona ni kile wanachokila.

#7 Mwalimu_Tororo

Hajati, hapo umegusa jambo zito.

Rangi za ndege hazitoki mahali pamoja. Nyeusi na kahawia hutengenezwa na mwili wenyewe, inaitwa melanini. Njano na nyekundu nyingi hutoka kwenye chakula, zile karotenoidi zilizomo kwenye majani, matunda na viwavi. Mwili wa ndege hauwezi kuzitengeneza kutoka mwanzo. Ndiyo maana kule Ulaya yule ndege mdogo mwenye tumbo la njano, anayekula viwavi, wa mjini tumbo lake hupauka kuliko wa msituni: miti ya mjini ina viwavi wachache. Nyeupe haina rangi yoyote ndani yake, ni unyoya mtupu unaorudisha mwanga. Ukiona nyeupe imekuwa kijivu, ama kuna kitu juu yake, ama unyoya wenyewe ulikua vibaya.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama chakula cha Kampala kinaharibu rangi, usimtazame kunguru, mtazame mnana dume. Njano ile anaila.

#8 Mpiga_Picha_Entebbe

Mimi hutembeza wageni wanaokuja kutazama ndege, na minana nimewapiga picha wengi sana. Wa Entebbe karibu na Bustani ya Mimea ni njano iliyoiva. Wa Kampala katikati, pale miti michache iliyobaki, nawaona wamefifia. Lakini picha zinadanganya, mwanga wa asubuhi na wa saa sita ni vitu viwili. Nasema nilichoona, sisemi nimethibitisha.

Halafu Mwalimu, katika somo lako umemsahau turako. Yule wa zambarau mwenye mabawa mekundu, anayeruka Entebbe mti kwa mti. Nyekundu yake si ya chakula kama ya wengine, ina madini ya shaba ndani yake. Ndege wengine duniani hawana rangi hiyo. Wazee wanasema akinyeshewa rangi inachuja.

#9 Mwalimu_Tororo

Haichuji kwa mvua. Rangi ile huyeyuka kwenye maji yenye chumvi-kali, kama ya sabuni kali au magadi. Mvua ya kawaida haifanyi hivyo. Kuhusu shaba ni kweli.

#10 Kuku_Busia

Nimecheka, Mwalimu hata ndege anamsahihisha. Mimi nauza kuku mpakani, nina neno dogo. Kuku akila pumba mbovu kiini cha yai kinakuwa cheupe. Akila majani kinakuwa njano. Kwa hiyo namuunga mkono Hajati.

#11 Fundi_Wandegeya

Asanteni wote. Naona sasa kuna kambi mbili, masizi na chakula. Hakuna wa kusema juu ya vidole vya njiwa? Hao ndio wananiumiza zaidi. Kuna mmoja amebaki na kisigino tu upande mmoja na bado anarukaruka kutafuta punje.

#12 Mama_Saluni_Kisenyi

Nywele, kaka yangu. Nywele.

Nina saluni Kisenyi. Tunasuka rasta kutwa, nyuzi bandia zinaanguka, upepo unazichukua, msichana akifagia anamwaga nje. Njiwa anapita anazungukwa mguuni, uzi unakaza, damu haipiti, kidole kinakauka kinaanguka. Nimemshika mmoja nikakata uzi kwa wembe, ulikuwa umezama ndani ya nyama. Tangu hapo nywele zote zinaingia kwenye gunia na gunia linafungwa. Nawaambia na majirani, baadhi wananisikia.

#13 Mwanafunzi_wa_Ndege

Mama_Saluni, ulichokiona kimeandikwa pia Ufaransa. Mwaka 2019 watafiti walihesabu njiwa wa Paris waliopoteza vidole, mtaa kwa mtaa, wakakuta mitaa yenye saluni nyingi ndiyo yenye njiwa wengi walioumia. Wakakuta pia panapokuwa na kelele na hewa chafu zaidi majeraha huongezeka, na panapokuwa na bustani nyingi hupungua.

Njiwa haohao wa Paris wana kisa kingine kinachohusu swali la rangi. Njiwa weusi hutunza zinki nyingi zaidi ndani ya manyoya kuliko weupe, kwa sababu melanini hushika madini. Yaani ndege mweusi anaitoa sumu mwilini na kuiweka kwenye unyoya, halafu unyoya unadondoka. Kama ni hivyo, mjini mweusi ana nafuu. Inawezekana ndiyo sababu miji mingi ina njiwa weusi kuliko wale wa porini walioanzisha ukoo.

#14 Boda_Ntinda

Sasa hapo ndipo penyewe. Petroli ina risasi, risasi inaingia kwenye damu ya ndege, ndege anageuka mweusi!

#15 Askari_Mstaafu_Gulu

Petroli yenye risasi iliondolewa nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Kijana, pengine wakati huo ulikuwa bado unasukumwa shuleni. Zinki ndiyo tuizungumze: mabati yote ya Kampala yana zinki, mvua inayashusha kwenye madimbwi, ndege wanakunywa. Na matairi yana zinki pia.

#16 Boda_Ntinda

Afande nimekuelewa. Risasi naitoa, zinki naiweka. Masizi yanabaki palepale.

#17 BintiMvita

Nawasalimu kutoka Mombasa. Sisi huku tuna kunguru weusi wa Kihindi walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wameua makinda ya ndege wetu wadogo mpaka bustani zimenyamaza. Msiruhusu wafike kwenu. Nimeona mnalia na kunguru wenu wa kifua cheupe, nikasema nyinyi mna bahati, huyo ni wa Afrika.

Swali langu: huyo ndege anayeimba usiku ni nani? Na ni taa au ni kelele?

#18 Mpiga_Picha_Entebbe

Kwa maelezo ya Fundi inaweza kuwa yule mkesha wa bustanini mwenye tumbo la rangi ya chungwa. Huyo huanza kabla ya alfajiri hata kijijini. Ila saa tisa ni mapema mno. Taa za barabarani zinamdanganya kwamba kumekucha.

#19 Mwanafunzi_wa_Ndege

Naomba kupinga kidogo. Kule Sheffield, Uingereza, mwaka 2007 walichunguza ndege mmoja mdogo wa bustanini anayeimba usiku mjini. Kila mtu alisema ni taa. Walipopima, kelele za *mchana* ndizo zilizoeleza vizuri zaidi wapi anaimba usiku. Ndege amekosa nafasi ya kusikika mchana, akahamia usiku. Fikirieni Wandegeya mchana, honi na spika za maduka ya nguo: ungekuwa ndege unatafuta mchumba ungeimba saa ngapi?

Tena wapo wasiohama saa, wanabadilisha sauti. Leiden, Uholanzi, mwaka 2003 ilionekana kwamba yule wa tumbo la njano aliyetajwa na Mwalimu, katika mitaa yenye kelele huimba kwa sauti nyembamba zaidi ili ipite juu ya mngurumo wa magari. Na wakati wa zuio la korona mwaka 2020, San Francisco iliponyamaza, shomoro wa huko walipunguza nguvu ya sauti na nyimbo zao zikawa bora. Kwa muda mfupi tu.

#20 Nesi_wa_Zamu

Hilo la korona ni kweli hata hapa. Bodaboda ziliposimamishwa nilikuwa natembea kwa miguu kwenda zamu, nikasikia ndege ambao sikuwahi kujua wanaishi mtaani kwetu. Sijui kama waliongezeka au masikio yangu ndiyo yalifunguka.

Ila mimi naogopa upande wa afya. Kalooli wanatoka jalalani wanakuja kutua juu ya paa la jengo la wagonjwa. Wanabeba nini?

#21 Kuku_Busia

Dada, mimi nina kovu la jambo hilo. Januari 2017 mafua ya ndege, H5N8, yaliua buabua Lutembe kule ziwani karibu na Entebbe, kisha bata na kuku Masaka. Kenya ikafunga mpaka kwa kuku na mayai kutoka Uganda. Nilikuwa na trei za mayai zimepangwa, zikaozea mikononi. Toka siku hiyo nikisikia ndege wa porini ni wagonjwa, silali.

#22 Mpiga_Picha_Entebbe

Pole sana, mzee wa mayai. Tuongeze tu kwamba buabua wale si ndege wa mjini. Wanatoka mbali kaskazini, Lutembe ni kituo chao cha mapumziko na ni kinamasi kinachotambuliwa tangu 2006 na mkataba wa Ramsar, ule wa dunia wa kulinda ardhi oevu. Tatizo ni kwamba mji na mashamba ya maua yanakisogelea, ndege wengi wanabanwa kwenye sehemu ndogo, na bata wa watu wanakunywa maji yaleyale. Ugonjwa unapenda msongamano.

#23 Mwanafunzi_wa_Ndege

Nesi, kalooli tusimhukumu haraka. Anameza mizoga na uchafu ambao vinginevyo ungebaki mtaani. Profesa Derek Pomeroy wa Makerere amewafuatilia kalooli wa Kampala kwa miongo mingi, na kazi aliyoitoa na mwenzake mwaka 2017 inaonyesha kwamba kadiri walivyozidi kuwa wa mjini, wameanza kuzaliana miezi minne mapema kuliko zamani. Miezi minne! Kijijini kalooli anasubiri kiangazi, maji yapungue, samaki na vyura wakusanyike kwenye madimbwi ndipo alee makinda. Mjini takataka haina msimu.

Kwa hiyo Fundi, swali lako la "damu mpya" si la kijinga. Kalenda ya ndege imebadilika ndani ya maisha ya mtu mmoja. Lakini imebadilika kwa sababu ya sahani iliyojaa au kwa sababu waliozaliwa mjini wanarithi tabia hiyo? Hayo ni mambo mawili tofauti.

#24 Hajati_Bombo

Na jalala la Kiteezi likawaangukia watu Agosti 2024, Mungu awarehemu marehemu. Zaidi ya roho thelathini. Mdogo wangu anakaa karibu na hapo, anasema kalooli waliokuwa mamia kwa mamia baadaye walitawanyika. Wengine naona ndio hawa wanakuja hadi kwetu. Jalala likihamishwa, ndege nao wanakuwa wakimbizi.

#25 Askari_Mstaafu_Gulu

Hajati, amina.

Mimi nataka kumtaja mwingine ambaye hakuna aliyemtaja. Tumbusi, yule mdogo mwenye kichwa kitupu na uso wa waridi. Zamani ukipita machinjio ya Kalerwe ulikuwa unawakuta wamepanga mstari juu ya ukuta. Uso wake ni kipimo cha hali yake: akitulia ni waridi hafifu, akikasirika au akigombea nyama unakuwa mwekundu kwa damu. Hiyo ndiyo rangi inayobadilika mbele ya macho yako. Sasa nenda Kalerwe ukanihesabie. Tangu 2015 amewekwa katika orodha ya dunia ya walio hatarini kabisa kutoweka.

Kalooli anaongezeka, tumbusi anapungua, mji ni uleule, taka ni zilezile. Anayesema "mji unadhuru ndege" au "mji unalisha ndege" anieleze hilo.

#26 Mwalimu_Tororo

Afande umeuliza swali ambalo ni gumu kuliko la mwanzo. Najaribu: kalooli anakula chochote, kuanzia utumbo wa kuku hadi mabaki ya roleksi, ile chapati ya mayai. Tumbusi anategemea zaidi nyama na mizoga, na mizoga siku hizi ina sumu. Machi 2021 kule hifadhini Ishasha simba sita waliuawa kwa sumu, na tai walikufa pamoja nao. Tumbusi hakai mjini tu, anaruka mbali, anaweza kula sumu porini na kufia huko, sisi tukasema Kampala imemfukuza.

#27 Mama_Saluni_Kisenyi

Na kuna wanaowakamata kwa ajili ya waganga. Hilo nalo lisemwe.

#28 Boda_Ntinda

Kwa hiyo uzi wa masizi umefika kwa waganga. Lakini napenda tunakoenda.

Naulizia jambo moja, wasomi. Ndege mjini wanakufa kwa magari. Northern Bypass naona mbayuwayu wanapigwa na vioo. Je, hawajifunzi?

#29 Mwanafunzi_wa_Ndege

Nebraska, Marekani, watafiti wawili waliokota mbayuwayu waliouawa barabarani kwa miaka 30, wakatoa matokeo 2013. Vifo vilipungua mwaka hadi mwaka ingawa viota chini ya madaraja viliongezeka. Na mabawa ya walio hai yalifupika, wakati waliogongwa walikuwa na mabawa marefu. Bawa fupi linageuka haraka. Wenye mabawa marefu walikufa bila kuacha watoto. Huo hapo Fundi ndio mfano wa umbo la mwili lenyewe kubadilika, siyo uchafu.

Na wa rangi upo pia. San Diego, shomoro fulani wa milimani walihamia chuo kikuu kilicho pwani miaka ya 1980, na ndani ya miongo miwili hivi weupe wa mkia wao ulipungua waziwazi kuliko wa ndugu zao wa mlimani.

#30 Kuku_Busia

Mifano yote ni ya Wazungu. Ya kwetu ni ya Profesa peke yake?

#31 Mwanafunzi_wa_Ndege

Ya kwetu ni michache, na hilo linaniuma kila siku. Kuhesabu tumehesabu: ndege wanaokula taka hapa Kampala wamefuatiliwa tangu 1973, na wahifadhi wa shirika la NatureUganda wana siku yao ya kila mwaka ya kuhesabu ndege nchi nzima. Lakini kumshika kunguru wa Wandegeya, kumpima damu, kupima madini kwenye unyoya wake na kulinganisha na wa Masindi, hiyo ni kazi inayongoja mtu. Ndege wa Paris ana nakala ya afya yake. Wa kwetu tunamjua kwa macho.

#32 Nesi_wa_Zamu

Na chakula cha mjini kinawaumiza au hakiwaumizi? Mbona sisi chipsi zinatuua.

#33 Mwalimu_Tororo

Kuna kazi ya Marekani ya 2019 ambapo makinda ya kunguru yalilishwa baga zenye jibini. Lehemu kwenye damu ilipanda kama ya wenzao wa mjini. Lakini hawakuonekana kudhoofika, angalau kwa muda waliofuatiliwa. Kunguru si binadamu, haishi mpaka apate presha.

Na Mexico City shomoro wanaingiza vichungi vya sigara kwenye viota, nikotini inafukuza kupe na utitiri. Faida ipo, ila chembe za damu za makinda zilionyesha madhara. Mjini dawa na sumu viko kwenye kiota kimoja.

#34 Askari_Mstaafu_Gulu

Wakuu, leo nimefanya alichouliza Fundi. Gulu mjini, karibu na soko kuu, kunguru wana kifua cha kijivu. Moshi wa Gulu si moshi wa Kampala, hata nusu yake. Nikaenda nje ya mji, kilomita chache, kwenye shamba la rafiki yangu. Barabara ni ya murami, vumbi jekundu limejaa kila mahali. Kunguru wa huko: kifua cheupe.

#35 Boda_Ntinda

Afande unaniharibia kesi yangu.

#36 Mwanafunzi_wa_Ndege

Afande, hao wa shamba walikuwa wamebadilisha manyoya karibuni? Manyoya mapya huwa safi. Ukiona yaliyochakaa kwenye ncha za mabawa, ni ya zamani.

#37 Hajati_Bombo

Askari, huko shambani kuna maji?

#38 Askari_Mstaafu_Gulu

Kuna bwawa dogo la ng'ombe, Hajati. Nimewaona wakioga pale asubuhi, wanajirusha maji mgongoni. Manyoya sikuyaangalia kwa karibu, nitarudi na darubini.

#39 Hajati_Bombo

Basi na hilo liandikwe. Kule sokoni kwetu maji yaliyopo ni ya mfereji wenye sabuni na mafuta. Ndege ataoga wapi? Labda hachafuki zaidi ya mwenzake, labda hapati pa kuoga.

#40 Mwalimu_Tororo

Hajati, hilo sikuwa nimelifikiria na linapatana na yote: masizi yanaingia, maji safi hayapo, masizi yanabaki. Na mafuta ya mferejini yanaharibu mpangilio wa unyoya, hauzuii tena maji wala baridi. Linaeleza Gulu, linaeleza Bombo. Halielezi minana wa Mpiga_Picha.

#41 Fundi_Wandegeya

Nina beseni la zamani la plastiki. Nikiliweka juu ya paa la kibanda na maji safi, niwapige picha kunguru walewale kabla na baada, itakuwa na maana? Na maji yawe kina gani?

#42 Mpiga_Picha_Entebbe

Itakuwa na maana ukipiga saa ileile, mwanga uleule, na weka karatasi nyeupe kwenye picha kila mara ili tulinganishe weupe. Kina kisizidi vidole vitatu, weka mawe ndani wapate pa kukanyaga, plastiki inateleza.

#43 Kuku_Busia

Na maji ubadilishe kila siku, beseni ulisugue. Ndege wengi wakikutana kwenye chombo kimoja kichafu wanaambukizana. Kule Marekani ugonjwa wa macho wa ndege wadogo wa bustanini ulioanza 1994 ulienea kwenye vyombo vya kulishia, mwanangu aliye chuoni ndiye aliyenisomea hilo. Na usiweke karibu na kuku wa mtu.

#44 Mama_Saluni_Kisenyi

Fundi, nyuzi za simu unazokata nazo zitie kwenye gunia.

#45 Fundi_Wandegeya

Nimeandika yote. Naanza Jumatatu, mvua zikiisha. Afande, kama utarudi shambani na darubini, tafadhali angalia pia vidole vya njiwa wa huko.